Nusu ya mlulu

Jumapili nilikwenda Kalenga, karibu na Iringa, kumwonyesha shangazi kitu nilichokuwa nakionea fahari. Wiki nzima nilikuwa napiga picha vikapu vyake vya milulu, zile nyasi za kusukia, nikaviingiza kwenye programu ya akili mnemba na kuiagiza inichoree urembo mpya. Ikachora kwa sekunde chache: zigizaga, pembetatu ndani ya pembetatu, wekundu wa damu ya mzee. Nikajiona fundi.

"Kamwene, shangazi." Baridi ya Julai, kajifunika vitenge viwili, vidole tu ndivyo viko nje. Akaisogeza simu mbali na macho, akahesabu kwa midomo. Akarudia.

"Mwanangu, hiki kimesukwa na nani? Huku mitatu, huku minne na nusu. Nusu ya mlulu naipitisha wapi?"

Nilidhani ananitania. Kumbe kikapu ni duara. Milulu iliyosimama ikiwa 96, urembo wa minane unajirudia mara 12 na kukutana pale ulipoanzia. Wa milulu saba unajirudia mara 13, inabaki mitano isiyo na kwao. Programu imeona picha tele, inabahatisha rangi gani ikae kando ya rangi gani. Haijawahi kumaliza mzunguko, ikakuta imekosea, ikafumua.

Na cha ajabu, kompyuta yenyewe ina deni kwa wafumaji. Mwaka 1804 kule Ufaransa, Joseph Marie Jacquard alitengeneza mtambo wa kufumia ulioongozwa na kadi za matundu: penye tundu uzi wa mtande, ule wa urefu, unanyanyuka, pasipo tundu unabaki chini, na mshindio, uzi wa kukingama, unapita katikati. Baadaye Charles Babbage alipanga kutumia kadi kama hizo kwenye mashine yake ya kukokotoa. Shangazi kadi zake ziko kichwani.

Nikamwomba radhi pia kwa kuzipeleka picha huko bila kumuuliza. Akauliza kama wanalipa. Sikuwa na jibu.

Tukaiacha ile programu. Nikafungua jedwali la miraba, lile lile la mahesabu ya duka, kila mraba mlulu mmoja, yeye akawa ananitajia: nyekundu mbili, nyeupe tatu, nyekundu moja, nyeupe mbili. Anasuka huku anasema, mimi najaza. Mstari wa tisa nilikuwa nimeshaachwa. Hakuitazama hata simu.

"Rudi nyuma, umeruka mmoja."

Nikahesabu. Kweli.