Nilivyopunguza ajali za malori katika msimu wa korosho

Ninasimamia malori ya mizigo mjini Mtwara, na kipindi kinachoninyima usingizi huanza Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa na kila mwenye mzigo Tandahimba, Newala na Masasi akataka magunia yake yafike bandarini upesi. Ajali ikitokea wakati huo, watu husema breki zilikata, na mazungumzo huishia hapo. Mimi huuliza breki hizo zilitumikaje kabla hazijakata.

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na barabara ya kuelekea Masasi huteremka kwenye ukingo wake. Dereva aliyezoea lami ya pwani huingia mteremkoni kwa gia kubwa, kisha hukanyaga breki mfululizo mpaka ngoma za breki zinapata moto na lainingi zinazozibana hazishiki tena. Kwa hiyo niliagiza kila lori lisimame kabla ya mteremko, na tandiboi, yaani msaidizi wa dereva, apitishe mgongo wa kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu lenye joto kuliko mengine breki yake inang'ang'ania. Lililo baridi kabisa halifanyi kazi, na mzigo wake umebebwa na mengine. Baada ya hapo gia ndogo huingizwa palepale juu, kwa kuwa anayejaribu kupangua gia katikati ya mteremko anaweza kujikuta kwenye gia huru, lori likimsukuma. Kuteremka na gia huru kwa makusudi, ati kuokoa dizeli, kwangu ni kosa la kufukuzwa kazi. Kila asubuhi koki za mitungi ya upepo wa breki hufunguliwa ili maji yatoke.

Mzigo nao una tabia zake. Saruji ni nzito na hukaa chini, hivyo huzitesa breki. Magunia ya korosho hupangwa juu sana, na lori likikata kona kwa kasi huelemea upande mmoja na kupinduka. Mizani hupima uzito wa jumla, ambao kikomo chake ni tani 56, na pia uzito wa kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, kwa hiyo ninasimamia upangaji mwenyewe ghalani.

Lori likiharibika njiani usiku, natumia pembetatu za kuakisi. Matawi ya miti ambayo wengi huweka barabarani yana ubaya wake: lori huondoka, matawi yakabaki yakimsubiri mwenye bodaboda.

Lakini chanzo kikubwa, kwa maoni yangu, ni malipo. Dereva anayelipwa kwa tripu huunganisha safari bila kulala, na kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio kikomo cha malori, sekunde moja ya kusinzia ni takriban mita 22 za barabara zisizo na dereva. Nilimshawishi tajiri mwenye malori alipe mshahara wa mwezi, na posho ya ziada ifuate hali ya tairi na breki badala ya idadi ya safari. Alinung'unika sana, na baadhi ya madereva walihamia kwa wanaolipa kwa tripu. Waliobaki hunipigia simu usiku kuniarifu kwamba wamepaki Nanyamba na wanalala, nami humweleza mwenye mzigo kwamba korosho zake zitafika kesho.