Nipo Ubungo hapa, nakuja

Kama unaishi Dar hii unaijua. Mtu anapigiwa simu uko wapi, anajibu nipo Ubungo hapa, foleni tu, dakika kumi nafika, na muda huohuo yupo bafuni ana sabuni usoni. Mi mwenyewe nimesema hivyo mara kibao, tena kwa mwenyekiti wa kwaya, tena mazoezi yenyewe ni ya kumsifu Mungu, haha. Na tangu daraja la Kijazi lifunguliwe 2021 hata kile kisingizio cha foleni ya Ubungo kimeisha nguvu, ila tunakitumia tu, mazoea.

Ila leo nataka niongelee bibi mmoja wa jumuiya yetu huku Kimara. Macho yake yaliisha kidogokidogo kwa presha ya macho, na siku moja ibada ya nyumba kwa nyumba ilikuwa kwake, akasema kinachomuuma sio kutoona watu, watu anawasikia, kinachomuuma ni kwamba hawezi tena kusoma Biblia yake mwenyewe. Basi mimi roho ikapanda, nikanyoosha mkono, bibi mimi ntakuja kila Jumamosi saa nane nikusomee. Watu ameeen, mzee wa kanisa akanishika bega, nikarudi nyumbani kama nimeshamaliza kazi. Kuahidi kuna utamu wake jamani, sifa zote unalipwa siku ya kwanza kabla hata hujafanya kitu.

Miezi miwili sikukosa. Halafu ikaja vikao vya harusi, ikaja msiba Tegeta, ikaja Simba na Yanga (hapo hata udhuru sikutoa), ukaja mzigo dukani Kariakoo na bosi hataki kusikia habari za Jumamosi. Kila nikipiga kumwambia bibi wiki hii nimebanwa ananijibu, "Haya mwanangu, Mungu akutangulie." Bora angelalamika. Mwisho nikaona hata kupiga aibu, nikaacha.

Sasa Jumapili ya mavuno, tumetoka ibadani, mnada unaendelea pale nje, kuku, ndizi, mbuzi mmoja mkorofi. Nikamwona bibi amekaa kwenye kiti chini ya mwembe. Nikazunguka kwa nyuma, nanyata kabisa, mpaka nilivyofika upande wa pili ndo nikakumbuka haoni. Yaani nilikuwa namnyatia mtu asiyeona! Nikajipa moyo, nikaingia mnadani, kuku mmoja jogoo kafika elfu ishirini na tano, nikapaza sauti, thelathini! Bibi akageuza kichwa. "Hiyo sauti naijua. Mwanangu, njoo. Tuliishia Yoshua 13."

Hakusema kingine. Yule jogoo nilimchukua sijui hata kwa bei gani.

Jumamosi iliyofuata nikaenda, nikafungua Yoshua 14, na kumbe hapo ndo habari ya Kalebu. Nimeisikia tangu Sunday school lakini nilikuwa namjua Kalebu wa wale wapelelezi 12 tu, yeye na Yoshua waliosema nchi tunaiweza. Sura hii mzee ana miaka 85, anamkumbusha Yoshua kwamba alikuwa na 40 alipotumwa kutoka Kadesh-barnea, imepita miaka 45 na bado anaudai ule mlima wa Hebroni wenye Waanaki, majitu yale yale yaliyowatisha wenzake. Inasemwa alimfuata Bwana kwa utimilifu. Na ukifikiria, miaka mingi ya hiyo alikuwa anazunguka jangwani kwa kosa ambalo sio lake, wenzake ndo waliogoma. Hapo mimi ningekuwa nimeshaondoka kwenye grupu la WhatsApp zamani.

Kuna mtu mwingine kwenye Biblia, huyo bibi ndo alinitajia, mfalme Amazia, 2 Nyakati 25, kwamba alifanya mambo ya haki lakini si kwa moyo mkamilifu. Huyo ndo mimi kabisa. Anamsikia mtu wa Mungu, anakubali hata hela yake ipotee, talanta mia za fedha, anaenda vitani anashinda Waedomu, halafu anarudi na miungu yao hao hao aliowapiga anaisujudia. Unabaki unasema sasa kaka, nini hiki.

Halafu kuna kitu huwa nakiwaza. Ukiahidi hela kanisani una kadi, una bahasha yenye namba, ukichelewa mhasibu anakukumbusha kwa upole wa kutisha. Ahadi ya muda haina kadi. Hakuna anayesimama kwenye matangazo kusema fulani anadaiwa Jumamosi 11. Zaburi ya 15 inamtaja mtu ambaye hata akiapa kwa hasara yake habadili, na hasara yangu mimi ni nini, nauli ya daladala na mechi moja.

Kwa hiyo mwaka huu walivyotaka kuniweka kamati ya mavuno nikakataa. Wengine wakasema nimepoa kiroho. Sijapoa, nimehesabu tu siku zangu nikaona hazitoshi, na Mhubiri 5 ipo wazi kwamba afadhali usiweke nadhiri kuliko kuweka usiitimize.

Sasa hivi tuko Waamuzi. Juzi tumesoma Yeftha, yule aliyeapa kwamba chochote kitakachomtokea kwanza mlangoni akirudi salama atakitoa, akatoka binti yake wa pekee. Bibi akanisimamisha katikati ya mstari. "Huyu naye karopoka. Nani alimuuliza?" Akanyamaza kidogo, akatafuta kikombe chake cha chai kwa mkono. "Jumamosi ijayo unakuja?"

Nikafungua mdomo nijibu fasta, nikakumbuka kuna mzigo unaingia.

"Nakuja bibi, ila saa kumi. Saa nane sitawahi."

"Saa kumi nzuri," akasema. "Endelea."