Siku Tuliyopanda Mikoko na Wenzetu wa Upande wa Pili

Mwaka 2011, kijijini kwetu Pemba, Zanzibar, niliona watu waliokuwa hawazikani wakishika kamba moja ufukweni.

Tangu uchaguzi wa 1995 tulikuwa tumegawanyika, chama tawala CCM huku na wapinzani wa CUF kule. Ukijua mtu ni wa upande wa pili hununui dukani kwake, huendi harusini kwake, wengine hata msikiti walitenga. Baada ya damu kumwagika kwenye maandamano ya Januari 2001 ndiyo kabisa. Na wakati huo wote bahari ilikuwa ikiyala mabonde yetu. Mikoko ilikuwa imekatwa kwa kuni, boriti na kuchomea chokaa, na kila bamvua kubwa maji ya chumvi yalipita penye uwazi yakaingia kwenye mpunga. Bonde la mama yangu lilibaki nusu. La jirani yake, aliyekuwa wa chama kingine, halikusalimika pia.

Sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini, aliwahi kuitisha upandaji wa mikoko miaka ya nyuma. Lakini sheha huteuliwa na serikali, na kwa wengi wito wake ulikuwa wito wa chama. Nusu ya kijiji haikutokea. Miche ikasombwa.

Kilichotufungulia mlango kilianzia juu. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walikutana Ikulu, na tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya waliopiga kura ya maoni wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Baada ya uchaguzi Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mazingira yakawekwa chini ya ofisi yake. Jambo hili halisemwi vya kutosha: Rais alitoka CCM, msimamizi wa mazingira alitoka CUF. Nani tena angesema mikoko ni ya wale?

Siku yenyewe maji yalikuwa yamekupwa mbali. Makundi mawili yalifika kwa njia mbili, yakasimama mbalimbali, kila moja na miche yake. Sheha akaanza kunyoosha kamba mbele kabisa, kwenye mchanga. Mzee mmoja, fundi wa ngalawa, akatoka upande wa pili.

"Sheha, hapa mkoko hautoshika. Hapa tia mlilana. Mkoko urudi nyuma, kwenye tope."

"Mzee wangu, mbona mwaka ule hukuja kutwambia?"

"Hukunituma mtu."

Kimya kikapita. Sheha akaikunja kamba, akamuuliza ianzie wapi.

Miche ya mlilana, mti mwingine wa jamii ya mikoko, hatukuwa nayo. Mzee alijua inakoota, ng'ambo ya hori, ila dau la kwendea lilikuwa la mtu wa upande wa sheha. Ujuzi ulikuwa kwa hawa, chombo kwa wale, na miaka yote ile bahari ilifaidika na ugomvi wetu. Najua yaliyofuata: uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, na chuki zikarudi vijijini. Inaniuma hadi leo nikimsikia mwanasiasa, wa chama chochote, akiwaambia watu wasishirikiane na jirani yao, ilhali bonde la jirani na bonde lao vinaingiwa na maji yale yale.

Siku ile tulianza na mkoko kwenye tope. Mama alishika ncha moja ya kamba, jirani yake ncha ya pili. Walikuwa hawajasalimiana kwa miaka.

"Vuta kidogo, bibie," mama alisema.

"Nimeshavuta. Wewe ndiye umelegeza."

Wakacheka wote wawili, na wanawake wengine wakasogea kuchomeka miche.

Ubishi mkubwa ulikuja mwishoni, maji yakianza kujaa: nani atakuwa mlinzi? Wa kila upande walimtaka mtu wao. Jirani yake mama akasema walinzi wawe wenye mabonde, wanawake, kutoka pande zote mbili, na atakayekamatwa anakata mti apelekwe kwa sheha na kwa mzee fundi kwa pamoja. Sheha akakubali. Mwenye dau naye akasema yuko tayari, na asubuhi iliyofuata akamvusha mzee kwenda kuchukua miche ya mlilana.