Barua Tatu za Kwenda Isecheno

Mwaka 2014 nilikuwa katibu wa kikundi cha vijana wa kanisa letu mjini Kakamega, cheo nilichopewa kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka na kwa sababu siku ya uchaguzi sikuwepo kujitetea. Mwezi wa Novemba, shule zilipofungwa, tulikubaliana kwamba wiki ya mwisho ya Desemba tungekwenda kujitolea katika kituo cha elimu ya mazingira kilichoko ukingoni mwa Msitu wa Kakamega, upande wa Isecheno. Azimio nililoliandika katika daftari la mikutano lilikuwa la mstari mmoja: vijana arobaini, miti mia tano, siku moja. Mwenyekiti alitaka miti iwe elfu moja, na aliyetuokoa ni mweka hazina, ambaye aliuliza ingebebwa na matatu ipi.

Barua ya kwanza ya kuomba ruhusa niliipeleka kusiko. Nilikuwa nimekulia karibu na msitu huo, nikala mukombero wake, ule mzizi wa kutafuna, tangu utotoni, lakini sikujua kwamba unasimamiwa na mashirika mawili tofauti. Sehemu ya kaskazini, kule Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985 na iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, ilhali Isecheno iko chini ya Huduma ya Misitu. Mimi niliwaandikia watu wa wanyamapori. Karani aliyeipokea barua hakunicheka, bali alinichorea nyuma ya bahasha njia ya kupitia Khayega na Shinyalu, akanishauri nianze kwa kuzungumza na watu wa kituo chenyewe kabla ya kuandika nyingine. Ushauri huo sikuufuata. Niliiandikia Huduma ya Misitu barua ya pili usiku huohuo, nikaomba ruhusa ya kupanda miti mia tano, kisha nikaenda kituoni nikiwa na nakala yake mkononi kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi.

Mzee aliyenipokea alikuwa ameongoza wageni msituni kwa miaka mingi na sasa alitunza kitalu cha miche. Aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akanirudishia.

"Katibu, Desemba mtapanda. Januari nani atainywesha?"

Nilimjibu kwamba Kakamega hainyimwi mvua. Ni kweli kwamba msitu ule hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na pengine ndiyo sababu sisi wa mjini tulidhani mche wowote uliochomekwa ardhini ungejisimamia. Mzee alinieleza kwa subira kwamba Januari na Februari jua hukausha udongo wa juu hata chini ya miti mikubwa, na kwamba mche uliopandwa Desemba hufa kabla mizizi yake haijafika penye unyevu. Kupanda kwao huanza masika yanaposhika, mwishoni mwa Machi au Aprili. Kisha akauliza swali ambalo hadi leo likinijia hunitia aibu: hiyo miti mia tano ilikuwa ya aina gani? Tulikuwa tumeandika "miti" tu. Mpango wetu wa siri, kama ulistahili kuitwa mpango, ulikuwa kununua mikaratusi na misaiprasi kando ya barabara kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu, tukaipeleke katika msitu wa asili ambao hauna haja nayo.

Hakunikaripia. Alinipa gambuti za mtu mwingine, zilizonibana, tukaingia msituni. Mbega walikuwa juu ya mutere mmoja mkubwa, mti wa asili wa msitu huo, na hondohondo walipiga kelele mahali tusipowaona. Mzee alinipitisha kitaluni kwanza, akanionyesha miche ya mwiritsa, mti ambao magome yake hubanduliwa na kuuzwa ng'ambo kutengenezea dawa ya tezi dume, mpaka biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa. Ilikuwa michache, kwa maana mbegu zake hazihifadhiki kwa muda mrefu. Lazima ziokotwe zikiwa mbichi, ziondolewe nyama, zioshwe na kusiwa mapema. "Miche tunaiotesha wenyewe," alisema. "Mikono ndiyo hatuna."

Mikono ilihitajika hatua mia chache mbele, penye uwanda wa nyasi uliokuwa ukimezwa na mipera. Mimi nilikuwa nimeujua mpera kama rafiki wa njaa ya saa nane, nikitoka shule. Huko msituni ni mgeni aliyetoka Amerika ya kitropiki, na kima na ndege wanaoyala mapera huenda wakizipanda mbegu zake kila wanapojisaidia. Ukiukata, unachipua tena kutoka kisikini. Kwa hiyo mpera mchanga hung'olewa pamoja na mizizi yake, kazi ya kuinama isiyo na picha nzuri. Nilipodhani nimeelewa, nikauliza kwa nini basi wasiikate yote, hata ile mizee. Mzee aliniongoza hadi chini ya mpera mkubwa uliosimama peke yake ukingoni, upande wa mashamba, akafunua nyasi. Palikuwa na miche ya miti ya msituni iliyoota yenyewe kivulini, kutokana na mbegu zilizoangushwa na ndege waliofuata mapera. Huo hawakuugusa.

Mkutano wetu uliofuata ulikuwa mrefu na wa uchungu. Vijana kadhaa walisema waziwazi kwamba hawakujiandikisha kwenda kung'oa, kwa maana mtu akiulizwa alifanya nini anataka kusema alipanda mti. Mimi mwenyewe nilikuwa na fikira hiyohiyo moyoni, ingawa nilijitia kuwatetea watu wa kituo. Wengine kumi walijitoa. Tulisogeza tarehe hadi likizo ya Aprili, tukagawa waliobaki katika makundi matatu, la mipera, la kujaza udongo kwenye viriba, na dogo la kupanda miche sitini ambayo mzee aliitoa. Nikaandika fomu za wazazi kwa waliokuwa chini ya miaka kumi na minane. Mambo ya githeri waliyashika akina mama na sikuyaingilia.

Siku mbili kabla ya safari ndipo nilipoisoma tena ile ruhusa tuliyopewa kwa barua ya pili na kuona kwamba ilituruhusu kupanda tu. Katika msitu wa serikali hung'oi kitu, hata magugu, bila ruhusa ya kung'oa. Nikapanda bodaboda hadi kituo cha misitu na barua ya tatu, matope yakinifika magotini mara mbili tulipoteleza. Afisa aliisoma, akauliza nani atawaonyesha vijana mpera ni upi, akapiga simu kwa mzee mbele yangu, na hapo tu ndipo akaigonga mhuri.

Siku yenyewe tulianza saa moja na nusu asubuhi, kwa sababu mvua ya huko hupenda kuja alasiri. Mzee alimfundisha kila kijana kuponda jani na kulinusa, na kupapasa kitawi kichanga cha mpera, ambacho kina pembe nne. Alituagiza pia tuchomeke suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na mwenyekiti, ambaye aliona soksi zake ni za kuonekana, alivua suruali mbele ya kwaya nzima kabla ya saa nne.

Saa saba na nusu mvua ilitufukuza hadi barazani. Wenzangu walipokuwa wakila, mzee alikwenda peke yake kwenye lundo la mipera iliyong'olewa akaipekua polepole, akarudi na miche saba mkononi. Ilikuwa ya mutere, yenye majani ya meno pembeni na kitawi cha mviringo. Ilikuwa imetoka katika mstari wangu mimi. Aliipanda kwenye viriba papo hapo, akaiweka chini ya kivuli cha kitalu, akaniambia niiandike katika ripoti. Nilisita, kwa maana ripoti hiyo ingesomwa kanisani mbele ya waliotuchangia nauli. Mwishowe niliandika: "Miche iliyong'olewa kimakosa: saba. Iliyorudishwa: saba." Mzee alichukua kalamu, akakata neno "iliyorudishwa", akaandika juu yake "inayotazamiwa", kisha akatia saini.