Neno Lililofutwa kwa Penseli

Jana usiku kifungua mimba wangu alikuwa mezani na madaftari yake, mtihani ni wiki ijayo, akanisomea swali: "Mwanasosiolojia hapaswi kutoa hukumu za kimaadili katika utafiti wake. Jadili." Akanitazama. "Mama, wewe ungejibu nini?" Alipokuwa akisubiri jibu alichezea kijiko juu ya meza, anakivuta, anakirudisha, kikawa kinakwaruza mbao. Yeye hakuwa na habari nacho. Mimi nilimwomba akiweke chini, nikaenda chumbani kulishusha daftari la kijani.

Ni daftari la utafiti wa zamani, katika makao ya wazee. Miaka yote hii nimelihamisha nyumba hadi nyumba bila kulifungua.

Nilikuwa msaidizi wa utafiti, wiki sita uwandani, kazi yangu kukaa pembeni ya ukumbi wa kulia na kuandika kila kinachotokea. Profesa alikuwa ametuambia tusisaidie, tusishauri, tusishangae. Wakazi tuliwapa namba, wahudumu tukawapa herufi, ili asije mtu akatambulika. Niliyaamini masharti hayo kwa moyo wote.

Siku yenyewe ilikuwa ya kumi na moja. Mkazi namba 14 alikuwa mzee mwenye mikono ya kutetemeka, naye alikuwa na namna yake ya kula. Kijiko alikishika kwa mkono wa kulia, kisha mkono wa kushoto ukaukamata ule wa kulia kwenye kifundo, yote miwili ikapanda pamoja polepole, kama watu wawili waliobeba ndoo moja. Nusu ya chakula ilifika mdomoni, nusu ilirudi bakulini. Akimaliza kumeza hupumzika, huvuta pumzi, huanza upya. Hakuomba msaada. Ilikuwa kazi yake, na alijua kuifanya.

Saa 6:37 mchana mhudumu C alipita akikusanya mabakuli. La mzee alilichukua likiwa na nusu ya chakula. Hakulinyakua kwa hasira, wala hakusema neno. Alilibeba kama alivyobeba mengine yote, akalipachika juu ya rundo, akapita. Mzee wakati huo alikuwa anameza, macho ameyafumba. Mikono yake miwili ikashuka kuchota. Kijiko kikagusa mbao, kikakwaruza, kikapanda kitupu hadi mdomoni, naye akakipokea. Kikashuka tena. Nilihesabu mara nne. Mara ya nne alifumbua macho, akatazama pale bakuli lilipokuwa, pamebaki duara la maji. Akakilaza kijiko kifudifudi. Kisha akalifuta lile duara kwa kiganja, taratibu, hadi meza ikakauka, kama mtu anayesafisha alipomwaga mwenyewe. Akaniona namtazama.

"Nimechelewa tena leo," akasema.

Saa yangu ilikuwa 6:39. Najua kwa sababu niliandika. Dakika mbili zile zote kalamu yangu haikusimama. Chini ya maelezo nikaongeza neno moja: *Ukatili.*

Baada ya siku mbili Profesa aliturudishia madaftari. Neno langu lilikuwa limekatwa kwa penseli, mstari mwembamba ulionyooka, na pembeni ameandika: *Nani kasema?*

Nilikwenda ofisini kwake nimefura. Hakunikaripia. Alinikalisha, akanisimulia mkutano wa mwaka 1909 mjini Vienna, ambako wasomi wa Kijerumani wa uchumi na jamii walifarakana juu ya neno "tija". Wengine waliliona ni neno la kipimo tu. Max Weber na mwenzake Werner Sombart wakasimama kulikataa: ukisema jambo fulani linaongeza tija ya taifa, tayari umeamua lipi ni jema kwa taifa, ila umelivalisha nguo za sayansi. "Hukumu haipigi hodi, mwanangu," Profesa akaniambia. "Hujificha ndani ya neno ikaingia."

Kisha masimulizi yake yakanipeleka Munich, Novemba 1917, Weber akizungumza na wanafunzi vita vikiwa bado vinaendelea. Kilichonigusa hapo, na bado kinanigusa, ni sababu aliyoitoa. Weber hakumtaka msomi awe mtu asiye na msimamo. Alikubali hata kwamba maadili yetu ndiyo yanayotuchagulia maswali ya kuuliza. Alichokataa ni mwalimu kutumia jukwaa la darasa kuhubiri siasa zake, kwa kuwa wanafunzi walio mbele yake wanatakiwa kunyamaza na kusikiliza. Hawana pa kumjibia. Anayetaka kuhubiri aende hadharani, ambako watu wanaweza kumpinga.

"Sasa huyo C," Profesa akamalizia, "akilisoma hilo neno lako, atakujibu wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi uwandani, nikamfuata C kwenye sinki. "Dada," nikamwambia, "juzi lile bakuli la yule mzee wa meza ya dirishani, mbona ulilichukua hajamaliza?" Hakukasirika. Aliniambia mabakuli ni arobaini na wazee ni sabini na wawili. Wanakula kwa makundi mawili, na kundi la pili linaingia saa saba kamili. "Nao watakula kwenye nini? Kwenye viganja?" Halafu akamtaja yule mzee kwa jina lake, akasema kila siku yeye ndiye humwacha awe wa mwisho, akikusanya ya wengine kwanza ili ampe dakika mbili tatu zaidi. Mikono yake ilikuwa ndani ya maji muda wote akinieleza.

Nilisimama pale nikiona aibu. Neno langu nilikuwa nimelitundika kwenye shingo isiyo yake. Kwa hilo namshukuru Profesa hadi leo, maana bila ile penseli nisingekwenda kwenye sinki.

Lakini nilitegemea kwamba tukishajua habari ya mabakuli, neno lingepata mahali pake. Mtu fulani aliombwa mabakuli thelathini na mawili, akasema hapana, na kila mchana mzee mmoja anachota mbao. Ripoti ilipotoka, tukio lote la saa 6:37 lilikuwa sentensi moja: "Upungufu wa vifaa uliathiri muda wa mlo kwa baadhi ya wakazi." Niliisoma mara nyingi sana sentensi ile. Hakuna mtu ndani yake aliyefanya chochote. Upungufu ndio uliofanya. Na kitu kingine nilikiona baadaye sana: yale aliyotueleza meneja wa makao tuliyaita "taarifa", aliyotueleza C tukayaita "malalamiko". Hakuna aliyeyakata maneno hayo kwa penseli. Howard Becker, mwanasosiolojia wa Marekani, alishaliandika hili mwaka 1967, kwamba katika kila taasisi wa juu huaminiwa kwanza kuliko wa chini, na mtafiti akiufuata utaratibu huo haonekani kuwa na upande. Akisikiliza wa chini, hapo ndipo huambiwa anapendelea.

Swali la pembeni ya ukurasa limenisumbua kuliko lile neno lenyewe. Nani kasema? C hakusema ni ukatili. Na yule mzee, ambaye ndiye mwenye haki kuliko sote, alisema amechelewa. Alikuwa ameshafundishwa na ile meza kwamba kosa ni lake. Tukisema mtafiti asubiri hadi aliyeumizwa aite jeraha kwa jina lake, basi kadiri mtu anavyozoeshwa kuumia ndivyo ripoti zetu zitakavyotoka safi zaidi.

Nilipata nguvu kidogo kwa mwanasosiolojia mwingine, Erving Goffman. Mwaka 1955 hadi 1956 alikaa ndani ya St. Elizabeths, hospitali ya magonjwa ya akili mjini Washington iliyokuwa na wagonjwa zaidi ya 7,000, akitazama kama nilivyotazama mimi, ila yeye kwa mwaka mzima. Katika utangulizi wa kitabu kilichotokana na kazi hiyo, kilichochapwa mwaka 1961, anakiri waziwazi kwamba kueleza hali ya mgonjwa kwa uaminifu ni lazima kutoke na upande. Hakuomba radhi kwa hilo. Na kabla yake, mwaka 1953, Leo Strauss, Myahudi aliyezaliwa Ujerumani na wakati huo akifundisha falsafa ya siasa Chicago, alimjibu Weber kwa mfano unaoniumiza kila nikiukumbuka: kwa sheria hiyo tungeruhusiwa kueleza kila tendo lililotendeka katika kambi za mateso, na nia za waliotenda, ila tusingeruhusiwa kutumia neno ukatili. Msomaji angeliona mwenyewe, na maelezo yetu yangekuwa yanamficha kile ambacho sote tunakijua.

Silinganishi bakuli na kambi. Nasema tu kwamba neno ni lile lile, na kwamba pale ukumbini nadhani lilikuwa sehemu ya kilichotokea, sawa na saa, sawa na idadi ya mara kijiko kilivyopanda. Ukiandika "mkazi alipeleka kijiko kitupu mdomoni mara nne" umesema kweli. Umesema kweli yote? Hapo ndipo ninapokwama. Maana nakumbuka pia nilivyokuwa na uhakika kabla ya kwenda kwenye sinki, na uhakika ule ulikuwa wa uongo kwa nusu yake.

Nilimweleza mwanangu yote haya jana, kwa mpangilio mbaya kuliko huu. Alisikiliza bila kuandika kitu. Kisha akauliza jambo ambalo haliko kwenye swali lake la mtihani.

"Mama, wewe ulikuwa umekaa mbali kiasi gani?"

Nikamwambia meza mbili.

"Mbona hukumwambia C asubiri?"

Nikamwambia masharti, kwamba ukiingilia unabadilisha unachokitazama, na kwamba nilikuwa kijana na kazi ile niliihitaji. Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, si kwamba amekubali.

"Huyo mzee jina lake nani?"

Nikalipekua daftari lote, kurasa 61. Namba 14 ametokea mara tisa. Jina halimo. Tuliahidi lisiwemo, na hiyo nayo ilikuwa hukumu ya kimaadili, kwamba si haki kumwanika mtu, ambayo hakuna Profesa aliyewahi kuikata. Nikaenda kwenye ukurasa wa siku ile ya sinki. C alilitamka jina mbele yangu, nikalisikia vizuri kabisa, tukiwa tumesimama bega kwa bega. Kwa mwandiko wangu mwenyewe imeandikwa: "Alimtaja Mkazi 14."