Siku moja maishani mwangu: Nyoka wetu aliponaswa na gundi ya panya

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nafanya kazi katika bustani ndogo ya nyoka hapa pwani, kaunti ya Kilifi, na kazi ya kwanza ya kila siku ni kuhesabu. Napita na tochi kizimba kwa kizimba: swila, kifutu, koboko, chatu, ukukwi. Naangalia kufuli, kisha nyoka, kisha maji. Wenye sumu ndio huanza, na hapo sina haraka hata kidogo. Leo wote wapo. Kufika upande wa wasio na sumu, kizimba cha Chokoleti ni kitupu.

Chokoleti ni nyoka wa nyumbani, wale wa kahawia wenye mistari hafifu pembeni mwa kichwa. Watoto wa shule ndio waliompa jina. Ndiye tunayemtoa wageni wamshike, hasa wale wanaofika wakitetemeka, na nimewaona wengi wakiondoka wamebadilika kwa sababu yake. Kioo chake kimeachana na fremu kwenye kona moja. Mwanya ni mdogo, lakini nyoka mwembamba hahitaji zaidi ya hapo.

Saa moja kasoro. Ukelele kutoka jikoni. "Mwanangu, njoo! Nyoka wenu huyu hapa, amenasa!"

Mama mpishi alikuwa ametega kadibodi ya gundi nyuma ya gunia la unga. Panya mdogo alinasa usiku, na Chokoleti akafuata harufu. Hivyo ndivyo nyoka hawa wanavyoangamia majumbani: gundi inawekwa kwa ajili ya panya, inamnasa panya, na panya anamwita mlaji wake. Nilimkuta amelala ubavu, tumbo limeshikwa kuanzia kifuani hadi karibu na mkia. Kichwa kiko huru, ila kila akijivuta kidevu kinagusa gundi.

"Pole, Mama. Huna kosa," nikamwambia, maana alikuwa karibu kulia. "Nipe unga kidogo na mafuta ya kupikia."

Unga niliunyunyiza kwenye gundi yote iliyobaki wazi, na karibu na kichwa nikabandika vipande vya karatasi. Hilo ndilo la kwanza, kabla ya kumgusa nyoka mwenyewe, kwa sababu mnyama anayepapatika hunasa upya pale ulipomtoa. Kisha nikakata kadibodi kumzunguka, mkasi ukiwa mbali na ngozi, ili tubebe kipande chenye nyoka peke yake.

Saa moja na robo. Mzee wetu, aliyenifundisha kazi hii, amefika. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba. Usimvute. Acha atulie kwanza." Akamfunika macho kwa kitambaa chenye unyevu, akashika nyuma ya kichwa kwa vidole viwili, mwili wote ukilala mezani. Nyoka ukimning'iniza huku nusu yake imeshikwa, unamuumiza uti wa mgongo.

Nikaanzia upande wa kichwa. Tone la mafuta pembezoni, pale ngozi inapokutana na gundi, halafu kusubiri dakika kadhaa yapenye. Kisha kijiti cha pamba kilicholowa mafuta, nakiviringisha taratibu chini ya mwili, kuelekea mkiani. Magamba ya tumbo ni mapana na yamepangwa kama mabati ya paa, kila moja limelalia la nyuma yake. Ukisukuma kuelekea mkiani unateleza juu yake. Ukisukuma kuelekea kichwani unayafumua, na chini yake ni nyama mbichi.

Gamba moja likiachia, unaona uzi wa gundi ukinyooka, unakuwa mwembamba, unakatika. Tone jingine. Muda wote naangalia mbavu zake. Nyoka hana kiwambo kama chetu cha kusukuma pumzi, anapumua kwa kutanua mbavu, na gundi ilikuwa imezibana upande mmoja. Tulipofungua sehemu ya kifua alivuta pumzi ndefu, ubavu mzima ukajaa. Mzee akanitazama, hakusema kitu.

Kijana mmoja mlangoni akauliza kwa nini tusitumie mafuta ya taa, yangetoa gundi mara moja. Ni kweli yangetoa. Pia yangepita kwenye ngozi na kumpa sumu, na mvuke wake ungemuunguza mapafu. Petroli, thina na spiriti ni vivyo hivyo. Mafuta ya kupikia yanachelewesha kazi na yanaokoa nyoka.

Saa tatu kasoro robo. Ametoka. Tukamwogesha kwa maji ya uvuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, kichwa kikiwa juu ya maji, tukamsuuza mara mbili. Sehemu tatu magamba yameinuka na damu imetoka kidogo. Hizo nikazipangusa kwa iodini niliyoizimua kwa maji mengi.

Wageni, tiketi, shule mbili. Watoto wakamuulizia, nikawaambia anaumwa.

Saa sita. Daktari wa mifugo amempitia kuanzia puani hadi mkiani, akamdunga maji chini ya ngozi kwa sababu hatujui alikaa kwenye gundi saa ngapi. Akatuonya kuhusu kujivua gamba: pale palipojeruhiwa ngozi ya zamani hugoma kutoka, kwa hiyo awekewe kikasha chenye unyevu. Chini atandikiwe karatasi tupu, kwani mchanga ungeshikamana na vidonda.

Saa tisa. Simu kutoka Mtwapa. Mama mmoja ana nyoka kwenye gundi stoo, kasikia sisi tunatoa kwa mafuta, naye ameshashika chupa. Nikamwomba arudi nyuma kwanza. Chokoleti tunamjua, hana sumu. Huyo wake hatumjui, na gundi haizuii mdomo. Pwani yetu ina swila wa kutema, akiwemo yule mkubwa aliyetangazwa na wanasayansi mwaka 2007 kwa jina *Naja ashei*, kwa heshima ya James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken, Watamu. Akiwa amenaswa mwili mzima bado anatema hadi machoni mwako. Nikamwambia afunge mlango wa stoo, azibe mwanya wa chini kwa nguo, watoto na paka wakae mbali. Mzee akachukua koleo la kushikia nyoka, miwani na pikipiki, akaenda mwenyewe. Nyoka yule alikuwa ukukwi, wa kijani asiye na sumu, mwenye afya.

Saa kumi na moja jioni. Fundi wa vioo amebadilisha reli na kuziba kona. Harufu ya silikoni ni kali kwa nyoka, hivyo Chokoleti atalala kwenye boksi la plastiki lenye matundu na kifuniko cha kubana, ofisini kwangu, hadi ikauke kabisa. Mama mpishi amezichoma kadibodi zote zilizobaki na ameagiza mitego ya sanduku, ile inayomshika panya mzima. Chokoleti tutampa chakula baada ya wiki moja, panya mdogo kuliko kawaida, mradi vidonda viwe vimekauka.