Changu mmoja, pembe sita

Mwaka 2006 maji ya bwawa la Mtera, la kuzalisha umeme, yalishuka, mgawo wa umeme ukakolea, na Dar es Salaam ikawa mji wa mishumaa na majenereta. Katikati ya hali hiyo tukapangiwa kushuti sini moja ya filamu, ya chakula cha usiku, kwenye nyumba ya kupanga, Sinza. Kamera moja, siku moja. Kwenye skripti ilikuwa nusu ukurasa tu: mume anakula, mke anauliza mshahara uko wapi, mume anakiri kuwa kafukuzwa kazi. Nilidhani saa moja inatosha. Tulianza saa tatu asubuhi, tukafungasha vyombo saa kumi na moja jioni.

Mimi, niliyecheza mume, nilitoka kwenye maigizo ya jukwaani. Kule sahani inaweza kuwa tupu, mkono ukaenda kinywani, na mtu wa safu ya mwisho akaamini. Kamera haitaki hivyo. Ugali lazima uwe ugali, na ukishaliwa umekwisha.

Kwa kamera moja, sini ile ile huchezwa upya kwa kila pembe. Kwanza masta, kamera ikiwa mbali inaona meza nzima. Halafu kamera huja nyuma ya bega la mwenzako, halafu nyuma ya bega lako, halafu klozapu, yaani uso tu kwa karibu, ya kila mmoja, mwisho vipande vidogo kama mkono ukimega tonge. Mhariri atachukua sekunde tatu za huku na mbili za kule. Kwa hiyo kama kwenye masta ulimega kwenye neno "mshahara", kwenye klozapu nako umege kwenye "mshahara". Ukichelewa kwa neno moja, mtazamaji ataona tonge liko mdomoni, kisha liko sahani, kisha liko mdomoni tena.

Mimi kwenye masta nilikula kama mwenye njaa, na njaa nilikuwa nayo kweli. Matonge saba, na ubavu wote wa juu wa yule samaki, changu. Dada aliyecheza kama mke wangu, mkongwe wa tamthilia za televisheni, alisubiri dairekta aseme "kata", kisha akainama kutazama sahani yangu.

"Mdogo wangu, hayo matonge umeyahesabu?"

"Hapana, dada."

"Na huyo samaki unarudishaje nyama yake?"

Sini ya namna ile hutaka samaki kadhaa wa saizi moja, waliokaangwa rangi moja. Sisi tulikuwa na mmoja, kanunuliwa soko la samaki la Feri alfajiri kwa hela iliyobaki. Ikabidi tumgeuze. Jambo la samaki hulijui mpaka likukute: mwanzo kichwa kilikuwa kushoto kwangu na tumbo limenielekea. Ukimgeuza kichwa kikabaki kushoto, tumbo linahamia upande wa pili. Ukizungusha sahani ili tumbo likurudie, kichwa kinakwenda kulia. Hakuna namna ya kupata vyote viwili. Dairekta akaamua kichwa kibaki kushoto, tumbo nani atalitazama. Masta ikarudiwa.

Safari hii dada alinipa masharti. Matonge yawe matatu tu, na tonge liwe dogo, kama ncha ya kidole gumba. Sema kwanza, ndipo utie mdomoni. Ikibidi uongee na chakula kimo, kisukume kwenye shavu lisiloonekana na kamera, kwa sababu tonge katikati ya ulimi linameza herufi, na maiki haisamehi. Na usimeze. Chini ya meza iliwekwa ndoo ndogo, "kata" ikiitwa unatema. Nilimwona anazidisha mpaka nilipopiga hesabu: matonge matatu, pembe sita, kila pembe mara tatu. Hamsini na manne. Hakuna tumbo la kubeba hayo huku mtu anaigiza huzuni.

Ugali nao una saa yake. Dakika kumi hivi, mvuke umekata na juu pameshika ngozi, na kwenye klozapu unaonekana kiporo. Mpishi alisonga upya mara tatu, zikaenda kama kilo mbili za unga.

Saa sita umeme ukakatika. Jenereta yetu ilikuwa ya kilowati moja, taa mbili za wati 800 kila moja. Ziliwashwa pamoja, jenereta ikakohoa, ikazima. Ikabaki taa moja, na upande wangu wa giza ukasaidiwa na kipande cha boya jeupe, lile povu gumu lililotoka kwenye boksi la friji, likirudisha mwanga usoni. Mngurumo ulipelekwa nyuma ya ukuta wa jirani kwa waya wa mita thelathini. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili iwe usiku, feni ilizimwa kwa ajili ya sauti, jasho likafutwa kabla ya kila tekii, yaani kila mara kamera inapoanza kurekodi, maana jasho nalo lazima lilingane. Kunguru tu ndio hawakuwa na dawa. Tulikuwa tukingoja wanyamaze.

Klozapu yangu ilichukua muda kuliko zote. Macho yangu yalikuwa yanaruka, jicho la kushoto la dada, kisha la kulia. Mezani huo ni utazamaji wa kawaida, kwenye klozapu unaonekana kama mtu mwenye wasiwasi. Akaninong'oneza nichague jicho moja, lile lililo karibu na lenzi, nisiliache. Tekii iliyofuata ikapita.

Miezi kadhaa baadaye niliiona filamu kwenye kibanda umiza, banda la video la mtaani, nimekaa nyuma kabisa na kofia. Mhariri alikuwa amechanganya masta ya kwanza na pembe za baadaye. Sini ya chakula ikafika, mke akauliza, mimi nikainamisha kichwa, watu kimya. Ndipo mtoto mmoja mstari wa mbele akapiga kelele: "Oyaa, samaki kageuka!"